Nusu Mbili za Tafsiri

Katika matanga ya Bonaventure Lokula, mwezi uliopita, mchungaji alisimama kando ya jeneza akasema kwamba marehemu hakuwa na mshindani. Alisema hivyo kwa nia njema, kama sifa, na waombolezaji wakaitikia kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya tatu, kwenye kiti cha plastiki kilichoazimwa kwa majirani, mkoba magotini, nikajisikia kama mtu ambaye jina lake limefutwa kwenye orodha naye anatazama. Marehemu alikuwa na mshindani. Alikuwa naye tangu mwaka wa kwanza wa sekondari, katika Kilatini, katika hesabu, katika biolojia, hata katika namna ya kufunika daftari kwa karatasi ya sukari. Na mshindani huyo, ambaye sasa ana magoti mabovu na wajukuu saba, ndiye mimi. Sikusimama kumsahihisha mchungaji, kwa sababu matangani watu hawasahihishani. Lakini nilirudi nyumbani nikaketi mezani, na kwa kuwa Bonaventure hawezi tena kunikatiza, nimeamua kuandika juu ya mwaka ambao ushindani wetu ulimtia mtu mwema kifungoni.

Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru, ambao huku kwetu ulikuwa pia mwaka wa uasi. Juu ya ukoo wangu sitasema kitu. Inatosha kwamba nilitoka katika nyumba ya Kiislamu ya Kisangani, kwamba nilikuwa mmoja wa wasichana watatu katika sehemu ya Kilatini, na kwamba nyumbani waliniruhusu kusoma kwa sharti lisiloandikwa popote, yaani nisiwe wa pili. Darasa letu lilikuwa chumba kirefu ambacho vioo vya madirisha vilipakwa rangi ya buluu mpaka katikati, ili tusitazame barabara. Mwanga wa asubuhi ulituangukia vichwani mweupe na miguuni buluu, kama watu waliosimama ndani ya maji. Baada ya uhuru walimu wengi wa kigeni walikuwa wameondoka, na waliobaki walibeba masomo mawili mawili. Mwalimu Anselme, Mkongomani, mtu mwembamba mwenye koti moja la kahawia, alitufundisha Kilatini asubuhi na biolojia baada ya mapumziko. Hakukubali neno lipite mbele yake bila kulisimamisha na kuliuliza linatoka wapi. Mwanafunzi akisema amechelewa kwa sababu ya mvua, Mwalimu aliuliza kwanza kama alitaka kusema "kwa sababu ya" au "baada ya", kwa maana mvua imewanyeshea wote na wengine wamefika.

Kwenye ukuta wa nyuma alikuwa amebandika picha mbili alizozikata katika jarida la zamani, za wataalamu wawili wa viumbe wa karne ya kumi na tisa. Wote wawili walikuwa na ndevu nyingi sana, nasi wanafunzi, ambao hatukuona sababu ya kuyakumbuka majina yao, tuliwaita Mwingereza na Mrusi. Kuhusu watu hawa wawili Mwalimu alifundisha kwa wiki sita mfululizo, wakati programu ilimtaka afundishe kwa wiki moja. Mwingereza, alituambia, alisafiri baharini akiwa kijana, akaona visiwa vya joto ambako viumbe wamejaa, kila tawi lina mwenyewe. Akarudi kwao akafikiri kwa miaka mingi, kisha akaandika kwamba huzaliwa viumbe wengi kuliko wanaoweza kuishi, na kwamba tofauti ndogo kati yao ndizo zinazoamua nani ataacha uzao. Mrusi, aliyezaliwa katika jamaa ya wakuu, alikwenda na kitabu cha Mwingereza kichwani mpaka nchi za theluji upande wa mashariki. Alitafuta kwa bidii vita vikali kati ya wanyama wa aina moja, na mara nyingi hakuviona. Aliona wanyama wachache katika nchi kubwa yenye baridi, wakihama pamoja, wakilindana, wakikabili pamoja majira yaliyotaka kuwaua wote. Akaandika kwamba kusaidiana nako ni nguvu ya maumbile, wala si nguvu ndogo.

Leo, baada ya kufundisha historia ya elimu ya viumbe kwa muda mrefu kuliko umri aliokuwa nao Mwalimu Anselme siku zile, najua alivyokuwa sahihi katika jambo ambalo walimu wakubwa zaidi walilikosea. Wengine waliwafanya watu hawa wawili kuwa maadui. Mwalimu hakuwafanya hivyo. Alituonyesha kwamba Mwingereza mwenyewe alionya kuwa neno lake la mapambano ni la mfano, lililonyooshwa mpaka likakumbatia ndani yake hata kutegemeana kwa kiumbe na kiumbe, na hata mmea ulio ukingoni mwa jangwa unaopambana na ukame tu. Na kwamba Mrusi hakukana kwamba viumbe hushindana, alikana tu kwamba hawafanyi kingine. Kila mmoja aliandika nchi aliyoiona. Waliokuja baadaye ndio waliochukua kisu. Wenye viwanda na wenye makoloni walikata nusu iliyowafaa wakaiita sheria ya dunia. Wenye ndoto za udugu wakakata nusu nyingine. Na wataalamu wa siku zetu, ambao wamekuta kwamba hata ndani ya chembe moja ya mwili wako wamo wageni wa kale waliokuja wakakaa na kuwa wenyeji, bado wanahangaika kuzishona tena nusu zile mbili. Siwacheki. Nami nilishika kisu hicho nikiwa na miaka kumi na minane.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa sita, kabla ya likizo, Mwalimu alitangaza kwamba baada ya likizo angetoa somo la hadhara kwa wazazi, kwa Kiswahili, juu ya watu wake wawili. Alisema aibu ya shule yetu ni kwamba mama anayemlipia mwanawe daftari hajui kilichoandikwa ndani yake. Akaligawa somo lake la Kifaransa, kurasa nane, katika nusu mbili: nusu ya kushindana akanipa mimi niitafsiri, nusu ya kusaidiana akampa Bonaventure. Akaongeza kwamba mwishoni mwa mwaka ataandika barua moja ya kumpendekeza mwanafunzi kwa chuo kikuu, na kwamba tafsiri itamsaidia kuamua. Nadhani alisema hivyo ili tujitahidi. Sisi tulisikia neno "moja". Tangu siku ile Bonaventure alikunja karatasi zake nilipopita, nami nilifunika zangu kwa kiwiko. Alikuwa kijana mrefu wa Yanonge, mtoto wa watu wa mto, aliyelala kwa shangazi yake katika komini ya Tshopo, na alikuwa na tabia iliyoniudhi kuliko zote, yaani hakuwa na haraka. Mimi niliamua kumshinda kwa mwendo. Nilimaliza kwa siku kumi, nikapeleka nusu yangu nyumbani kwa Mwalimu nikiwa nimevaa viatu vya Idi. Alikuwa anaondoka kwenda kwenye mazishi ya ndugu. Aliipokea, akaiweka juu ya kabati bila kuisoma, akasema atazisoma zote mbili pamoja. Nilirudi nikiruka madimbwi.

Ni lazima niseme nilichoandika. Mahali ambapo Kifaransa kilisema *lutte*, yaani mapambano, na *concurrence*, yaani kugombea kitu kimoja, mimi niliandika "vita" mara zote, kwa sababu ni neno fupi lenye kishindo. Na mwishoni mwa ukurasa wa kwanza nilijumlisha fungu zima la Mwalimu, lenye tahadhari nyingi, katika sentensi moja: "Maisha ni vita, mnyonge hufa, mwenye nguvu hubaki." Nilijivunia sentensi ile. Niliikariri nikifagia ua.

Mwezi wa nane waasi waliuteka mji. Wengine wameandika juu ya miezi ile nami sitaki kurudia. Nitasema tu kwamba shule haikufunguliwa, kwamba chumvi ilipatikana kwa kujuana, na kwamba watu waliosoma walijifunza kuficha kalamu. Waasi walitafuta nyumba kwa nyumba mitambo ya redio ya kuzungumzia, ambayo mjini tuliiita phonie, wakiamini kwamba wenye mitambo hiyo waliita ndege za serikali. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi nilikuwa kwenye foleni ya bomba la maji, ndoo mguuni. Mbele yangu wanawake wawili nisiowajua walikuwa wakizungumza bila kugeuza vichwa, kama watu walivyojifunza kuzungumza wakati ule. Mmoja alisimulia kwamba juzi wapiganaji waliingia kwa mwalimu mmoja mwembamba kutafuta phonie. Hawakupata phonie.

"Walipata karatasi," alisema. "Na si Kifaransa, ni Kiswahili, kila mutu anasoma. Inasema maisha ni vita, munyonge anakufa, mwenye nguvu anabakia."

"Alors, munyonge ni nani?" mwenzake akauliza. "Ni siye?"

"Ni siye. Nani mwingine?"

Sentensi yangu ilikuwa imetoka kinywani mwa mtu nisiyemjua, ikiwa kamili, bila neno kupotea. Nimechapisha vitabu kadhaa tangu hapo na sijapata tena msomaji aliyenikariri vizuri namna ile. Yule mama aliendelea kusema kwamba mwalimu alikuwa amefungiwa katika ofisi moja ya Makiso, katikati ya mji, kwamba angehukumiwa kesho kwa kuwafundisha watoto kwamba jeshi la serikali lenye ndege ndilo litakalobaki, na kwamba kwa kosa kama hilo hakuna aliyekuwa amerudi nyumbani. Niliacha ndoo yangu pale pale kwenye foleni. Sikuiona tena.

Sikwenda nyumbani, nilikwenda Tshopo. Bonaventure alikuwa kwenye chumba chake, ambacho kilikuwa kweli ghala la shangazi yake: magunia ya samaki wakavu upande mmoja, kitanda upande mwingine, na katikati meza iliyotengenezwa kwa mlango uliolazwa juu ya mapipa mawili, kitasa chake bado kipo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye sentensi nikaisema. Alichezea kitasa cha meza.

"Ni sentensi nzuri," alisema mwishowe. "Bon, Zaina, umeshinda. Ulipeleka wa kwanza, na wasomaji umewapata."

Nilistahili. Akanyoosha mkono chini ya godoro akatoa nusu yake, ambayo hakuwa ameipeleka mahali popote kwa kuwa alikuwa angali anatafuta neno moja kwenye ukurasa wa tatu, akaiweka mezani mbele yangu, wazi, bila kuifunika. Ndipo nilipoketi. Nilikuwa na Kifaransa cha Mwalimu kichwani karibu chote. Yeye alikuwa na nakala ya Kifaransa cha nusu yake. Tulikubaliana kuziunganisha nusu hizo kabla ya siku kwisha, tuziandike upya kwa mkono mmoja, tuzipeleke Makiso. Hatukuwa na mpango mwingine.

Kazi ilikwama kwenye neno la kwanza. Bonaventure aliandika *concurrence* nililomtajia, akalisoma kwa sauti, akanitazama kwa huruma iliyokuwa mbaya kuliko dharau. "Con-currere," alisema. "Kukimbia pamoja. Ulipata kumi na nane ya Kilatini na hukuliona." Nilimjibu kwamba kwa Warumi kitenzi hicho hicho hutumika pia majeshi mawili yanapogongana uwanjani, na kwamba yeye alijua hivyo vizuri. Alijua. Alikuwa amechagua maana iliyomfaa, kama nami nilivyochagua iliyonifaa, na tungeweza kubishana mpaka giza liingie kama Tante Véro, shangazi yake, hangeingia na sahani.

Alikuwa mama mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka mtumbwini hadi nchi kavu. Alikuwa ametusikia tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa akitwanga ndizi nyuma ya ukuta wa mbao, na nilikumbuka baadaye kwamba mchi ulikuwa umesimama kila tulipopandisha sauti. Alitutengea lituma, ndizi zile alizozitwanga, zikifuka moshi, pamoja na samaki wa kukaushwa kwenye mchuzi wa mawese, akasimama juu yetu mikono kiunoni.

"Munasema vita, vita. Mulishaona vita, nyinyi? Iko inje pale, muende muangalie." Alimwelekeza mpwa wake kidole. "Weye ulisahau kwenu? Kutoka Yanonge tunafunga mapirogue ine, tano, pamoja, juu maji iko na nguvu. Wote tunapiga kafi. Tukifika beach ya soko, kila mutu anaita maclient yake, na miye ninaharibu bei ya dada yangu bila haya. Ile njo vita?"

Bonaventure alisema hapana, Tante.

"Ile ni kushindana. Tunashindana, kisha tunafunga tena mapirogue, tunarudia. Kula, lituma inapoa."

Nimesoma vitabu vingi juu ya neno la Mwingereza, kwa lugha tano, na sijasoma maelezo mafupi na kamili zaidi ya hayo. Tulikula tukitazamana. Kitenzi kilikuwa kwenye lugha yetu wakati wote, nami nilikuwa nimekiruka kwa sababu hakikuwa na kishindo. Kushinda ni kumzidi mwenzako; lakini kushinda ni pia kupitisha mchana, na kila jioni mjini kwetu watu huulizana mulishinda aje, bila kumaanisha kwamba kuna aliyeshindwa. Na kile kiishio kidogo, -ana, ambacho kimo katika kupigana na kupendana, katika kuumana na kutegemeana, hakikubali kutumiwa na mtu aliye peke yake. Hata adui humhitaji mwenzake ili kitenzi kisimame. Bonaventure aliyasema hayo kabla yangu, nakiri. Mimi niliyaandika vizuri zaidi. Sentensi yangu niliifuta, mahali pake tukaweka hii: "Viumbe hushindana ili waishi, na katika kushindana huko hutegemeana; aliye mnyonge leo peke yake huenda akabaki kesho akiwa na wenzake." Yeye alitaka nukta baada ya "hutegemeana". Mimi nilitaka nukta mkato. Iliandikwa nukta mkato.

Asubuhi tulikwenda Makiso kwa miguu, Tante Véro mbele yetu kwa sababu alikataa kubaki. Ofisi ile ilikuwa na baraza pana iliyotazama mto, na kwenye baraza meza, na kwenye meza Commandant wa waasi, mtu wa makamo kutoka Maniema, mwenye miwani iliyopasuka kioo kimoja. Mwalimu Anselme aliketi sakafuni karibu na ukuta, bila viatu, koti lake likiwa limefungwa vifungo vyote. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba. Aliponiona alitikisa kichwa mara moja, kwa ukali, kama alivyofanya darasani nilipotaka kujibu swali la mwingine.

Commandant aliinua karatasi yangu akauliza tumekuja kufanya nini. Nilisema karatasi ile niliiandika mimi.

"Mwalimu alisema mara tatu ni yeye," alijibu. "Kwa hiyo mmoja wenu anasema uongo."

Sikujua hilo. Nilimtazama Mwalimu, naye akatazama mto. Watu wengi wameniuliza, kila niliposimulia habari hizi, nilipata wapi ujasiri, nami huwaambia kwamba haukuwa ujasiri. Niliona tu, kwa hasira, kwamba mtu ambaye hakupata kuvumilia koma iliyokaa pabaya alikuwa tayari kufa akiwa na kosa langu kwa jina lake.

"Mwalimu anasema uongo," nilisema. "Yeye hawezi kukosea namna ile, Commandant. Hilo ni kosa la mwanafunzi. Alipewa nusu ya somo, akaitafsiri kwa haraka ili awe wa kwanza. Nusu peke yake ni uongo. Somo zima ni hili."

Tukasoma. Tulisoma kwa kupokezana, mimi fungu langu, Bonaventure lake, tukiwa tumesimama bega kwa bega kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na wapiganaji waliokuwa kwenye ngazi wakaacha kuzungumza. Tulipofika kwenye mitumbwi, kwa maana Bonaventure alikuwa ameiingiza mitumbwi ya Yanonge kwenye somo la Mwalimu bila ruhusa ya mtu, Commandant aliinua mkono. Aliuliza: mitumbwi ikiwa imefungwa pamoja, na mmoja unaingiza maji, wenzake wanafanya nini? Wanaukata uende zake? Nilitambua kwamba hilo ndilo lililokuwa swali la kesi, na kwamba jibu la kuwafurahisha waasi, yaani kwamba ndugu hamwachi ndugu kamwe, lingekuwa rahisi kulitoa. Bonaventure hakulitoa.

"Tunatoa maji wote, Commandant. Tukiukata, na sisi tunapinduka." Akasita, maana alikuwa mtu wa kweli kupita kiasi. "Lakini tukifika soko, hatumwachie maclient hata mmoja."

"Hata mmoja," Tante Véro alithibitisha kutoka nyuma.

Mpiganaji mmoja kwenye ngazi alicheka, kisha wa pili. Mmoja wao akasema kwa Kilingala kwamba mama yake ni vile vile. Commandant hakucheka, ila aliivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kwa kuwa nimetumia maisha yangu kuwafundisha vijana watenganishe sababu na mfuatano wa mambo, siwezi kudai kwamba hoja yetu ndiyo iliyomfungua Mwalimu. Huenda ni kicheko. Huenda Commandant alikuwa na kazi nyingi asubuhi ile na hakutaka kuua mtu kwa nukta mkato. Ninachojua ni kwamba aliirarua karatasi yangu ya kwanza vipande vinne, akasema ile ya pili ndiyo itakayofundishwa, akaipiga muhuri juu na chini na kuandika jina lake, kisha akamwambia Mwalimu ainuke aende.

Tulimpeleka nyumbani kwake kwa njia za nyuma, tukitembea polepole kwa ajili ya miguu yake, na Tante Véro akimlaumu njia nzima kwa kukonda. Nyumba ilikuwa imepekuliwa; vitabu vilikuwa sakafuni, kabati limelazwa kifudifudi. Aliketi kwenye kiti kimoja kilichosalia kizima, akanywa maji, akanyoosha mkono wa kushoto aombe karatasi. Nilidhani anataka kuiona karatasi iliyomwokoa. Aliuliza kama kuna mtu ameona penseli yake nyekundu. Bonaventure akaipata chini ya kamusi.

Alisoma kurasa zote nane, wakati sisi tumesimama mbele yake kama darasani. Mara mbili alitikisa kichwa. Kwenye sentensi yetu ya fahari alizungushia neno "mnyonge" duara, lililokuwa limepinda kwa sababu ya mkono ule wa kushoto, akasema Mwingereza hakuzungumza juu ya wanyonge. Alizungumza juu ya asiyelingana na mahali alipo; na mahali hubadilika, na aliye mnyonge huku anaweza kuwa hodari kule, kama sisi wenyewe tulivyokwisha kuona. Pembeni ya mitumbwi aliandika "si yangu", kisha, baada ya kufikiri, "nzuri". Mwishoni aliandika 13/20, na chini yake majina yetu mawili kwa mstari mmoja.

"Kumi na tatu kwa watu wawili," Bonaventure alisema. "Donc, Monsieur, kila mutu ana sita na nusu. Tumefeli wote."

Nilimwona Mwalimu Anselme akicheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, akishika ubavu kwa maumivu. Alisema alama hiyo haigawanyiki. Na juu ya barua, kwa kuwa aliona tusingeuliza nasi tusingelala bila kujua, alisema aliahidi barua moja lakini hakuahidi jina moja. Aliitimiza ahadi hiyo mwaka uliofuata, shule zilipofunguliwa: Bonaventure alikwenda kwenye kilimo, mimi kwenye historia, na ushindani ukaendelea kwa posta.

Lakini siku ile alikuwa bado hajamaliza. Aliigeuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akauinamia muhuri wa Commandant, mduara wa zambarau wenye maneno ya mapinduzi ukingoni. Aliusoma kwa kuuzungusha. Kisha, kabla hatujaelewa, akaupigia mstari mwekundu: waliochonga muhuri walikuwa wameacha herufi moja katika neno *révolutionnaire*. Tulimsihi aufute mstari ule. Bonaventure alimkumbusha kwamba karatasi ile ndiyo iliyokuwa hati yake ya kuishi, kwamba wapiganaji wangeweza kurudi hata leo kuiomba. Mwalimu alitusikiliza kwa heshima mpaka tukamaliza. Kisha akaichonga penseli kwa wembe, kwa mkono wake mmoja mzima, nasi tukimshikia, akaiandika ile herufi mahali pake, wazi, juu ya muhuri.